Mungu Hakumkemea Eliya

Somo la ushirika wa nyumbani
Andiko kuu: 1 Wafalme 19:1-21
Maandiko mengine: 1 Samweli 1:1-20; Ayubu 2:11-13; Zaburi 88; 2 Wakorintho 7:5-6

Mchungaji ameniomba niandike somo la wiki hii, na si kwa sababu mimi ni mwalimu mkubwa wa Neno. Sababu utaiona ukifika katikati.

Somo limetokana na swali lililoulizwa katika ushirika wetu wa nyumbani mwezi uliopita: je, mtu aliyeokoka na kujazwa Roho Mtakatifu anaweza kuugua msongo wa mawazo? Mmoja alijibu haraka kwamba haiwezekani, kwa sababu furaha ni tunda la Roho. Mwingine akasema mtu akiupata, basi kuna mlango aliomfungulia adui. Wengine walinyamaza. Katika hao walionyamaza, nina hakika wapo waliorudi nyumbani wakiwa wameamua kwamba hawatamwambia mtu yeyote kanisani hali yao. Kwa hiyo hebu tusijibu haraka. Fungua Biblia yako, tusome pamoja.

1. Tunazungumza juu ya nini?

Kila mtu ana mawazo. Karo haijalipwa, mwenye nyumba anagonga mlango, mahindi yamekauka kabla ya kubeba. Hayo ni mawazo ya maisha, na mara nyingi shida ikipata jibu, mawazo nayo huondoka. Ukifiwa, unalia. Hiyo ni huzuni, na Bwana wetu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro.

Ugonjwa ninaousema hapa ni mwingine. Wengi wetu tunauita msongo wa mawazo, na mitaani watu husema tu dipresheni. Vitabu vingine vya Kiswahili huuita sonona. Nitatumia neno hilo la sonona ili tusiuchanganye na mawazo ya kawaida.

Madaktari huangalia kama hali imekaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku. Moyo unakuwa mzito, au unakuwa mtupu kabisa. Vitu ulivyokuwa unavipenda havikufurahishi tena. Usingizi unakataa, au unalala mchana kutwa na bado umechoka. Chakula hakipiti. Unasoma mstari mmoja wa Biblia mara tano na hujui umesoma nini. Unajiona huna maana, unajilaumu kwa mambo ambayo si yako, na mawazo ya kifo yanaanza kukutembelea. Kwa wanaume wengi ugonjwa huu hujificha ndani ya hasira, pombe au kunyamaza. Na wengi wetu hatuendi hospitali tukisema moyo unauma. Tunakwenda na kichwa, mgongo, au mwili kuishiwa nguvu. Tunapimwa malaria na taifodi, vipimo vinarudi safi, na bado tunaumwa.

Unaletwa na mambo mengi yanayoshikana: damu ya ukoo, mabadiliko ya mwili baada ya kujifungua, magonjwa ya muda mrefu, kufiwa, kupigwa nyumbani, umaskini. Wakati mwingine huwezi kuonyesha sababu yoyote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 waliishi nao duniani. Hapa kwetu, mwaka 2020 jopo la serikali lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Kwa hiyo tusidhani ni jambo la mtaa wa mbali. Hesabu viti vya kanisa letu Jumapili, halafu ujiulize.

2. Eliya chini ya mretemu

Tunaijua vizuri sura ya 18. Moto umeshuka Karmeli, manabii wa Baali wameshindwa, mvua imekuja baada ya ukame wa miaka. Hiyo ndiyo sura tunayoipenda kuhubiri. Lakini geuza ukurasa. Sura ya 19 Yezebeli anatuma ujumbe mmoja tu wa vitisho, na mtu yule yule wa moto anakimbia mpaka Beer-sheba. Anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima, anaketi chini ya mti wa mretemu na kumwomba Mungu auchukue uhai wake. Anasema yeye si bora kuliko baba zake. Kisha analala.

Angalia dalili hizo. Amejitenga na watu. Amechoka kupita kiasi. Anajiona si kitu. Anataka kufa. Na huyu si mtu aliyerudi nyuma. Ni nabii aliyetoka kwenye ushindi mkubwa kuliko yote ya huduma yake.

Sasa soma pole pole uone Mungu alifanya nini, na kwa mpangilio gani.

Kwanza, malaika alimgusa. Kabla ya kusema lolote la kufundisha, alimgusa.

Pili, alimpa chakula. Mkate uliookwa kwenye makaa, na chombo cha maji. Eliya alikula, akanywa, akalala tena. Malaika hakumwamsha kwa kelele kwamba wakati wa kulala umekwisha. Alimwacha alale, kisha akarudi mara ya pili na chakula tena. Na alimweleza sababu: safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu alizokuwa nazo. Yaani mbinguni walijua kwamba mtu huyu amechoka, na hawakumhesabia uchovu kuwa dhambi.

Tatu, alimpa muda. Siku 40 mchana na usiku mpaka Horebu. Mungu angeweza kummaliza Eliya kwa hotuba moja pale pale mretemuni. Alimruhusu atembee.

Nne, alimwuliza swali na akangoja jibu. Eliya akamwaga yote: nimejitahidi, wameua manabii, nimebaki peke yangu, na mimi wananitafuta. Ukipita upepo, tetemeko na moto, halafu ule mnong'ono mtulivu, Mungu anamwuliza swali lile lile, na Eliya anajibu maneno yale yale. Linganisha mstari wa 10 na wa 14. Mtu mwenye sonona hurudia. Anakueleza jambo leo, na wiki ijayo anakueleza hilo hilo. Mungu alimsikiliza mara zote mbili.

Tano, na hapa ndipo mwisho, ndipo Mungu alimrekebisha. Alimwambia kwamba si kweli amebaki peke yake. Wapo 7,000 ambao hawajampigia Baali magoti. Tena akampa mtu wa kutembea naye, Elisha, ambaye mstari wa 21 unasema alimfuata akamhudumia.

Ukweli ulikuja baada ya kuguswa, kula, kulala, kutembea na kusikilizwa. Sisi mara nyingi tunaanza na nambari tano. Tunamkuta mtu hajala, hajalala, tunamwambia mistari sita ya Biblia na kuondoka, halafu tunashangaa kwamba hakubadilika.

Na ombi la Eliya la kufa? Mungu alilikataa kimya kimya. Soma 2 Wafalme 2:11. Yule aliyeomba afe ndiye alipaa mbinguni bila kuonja mauti.

3. Si Eliya peke yake

Musa alifika mahali akamwambia Mungu kwamba kama mzigo utaendelea hivyo, heri amwue (Hesabu 11:14-15). Mungu akampa wazee 70 wa kumsaidia kubeba. Yeremia aliilaani siku aliyozaliwa (Yeremia 20:14-18). Ayubu vile vile, sura ya 3. Zaburi 88 inaanza gizani na kuishia gizani, na Roho Mtakatifu aliona vema ibaki ndani ya kitabu cha nyimbo za watu wa Mungu, ili siku usipoweza kuimba sifa uwe na cha kusema. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba huko Asia walilemewa mpaka wakakata tamaa ya kuishi (2 Wakorintho 1:8). Na alipofika Makedonia akiwa na hofu ndani na vita nje, anasema Mungu aliwafariji kwa njia ya kuja kwake Tito. Faraja ya Mungu ilikuja ikiwa na miguu miwili na jina.

Na Bwana wetu? Katika Gethsemane aliwaambia wanafunzi wake watatu kwamba roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, akawaomba wakae naye wakikesha (Mathayo 26:37-38). Mwana wa Mungu hakuona aibu kusema hivyo mbele ya watu, wala hakuona aibu kuomba asiachwe peke yake.

Hata baada ya nyakati za Biblia. Wengi wetu tumesikia habari za Charles Spurgeon, mhubiri wa London ambaye maelfu walikuja kumsikiliza. Tarehe 19 Oktoba 1856, akiwa na miaka 22, alikuwa akihubiri kwenye ukumbi uliojaa watu mtu alipopiga kelele ya moto. Hakukuwa na moto, lakini msukumano uliua watu saba. Alivunjika moyo vibaya, na sonona ilimrudia maisha yake yote. Alifundisha wachungaji vijana waziwazi juu ya hali hiyo ili wasije wakadhani kwamba Mungu amewaacha. Upako haukumwondokea kwa sababu ya ugonjwa.

4. Ushuhuda wangu

Sasa ile sababu. Mimi nimeokoka mwaka 1998. Nimefundisha watoto shule ya Jumapili kwa miaka mingi. Wengine waliokuwa darasani kwangu leo ni wazazi. Na mimi naishi na ugonjwa wa sonona.

Ulianza mwaka 2017. Hakukuwa na msiba. Mume wangu alikuwa na kazi, watoto wazima, hatukudaiwa nyumba. Nilikuwa naamka saa tisa usiku, nakaa kwenye kiti cha jikoni mpaka kunapambazuka. Inafika saa nne asubuhi sijaosha hata kikombe. Niliomba. Niliomba mpaka maneno yakaisha, nikawa naketi tu mbele za Mungu kama mtu aliyesahau alichokuja kununua dukani. Jumapili nilivaa, nikaja, nikaimba, nikainua mikono pamoja nanyi. Nikifika nyumbani nalala na nguo za kanisa. Kisha nikaanza kuwaza kwamba watoto wangu wangekuwa afadhali bila mimi, na nilikuwa naamini kabisa kwamba nafikiria vizuri. Hilo ndilo linalotisha katika ugonjwa huu: unakuongelesha kwa sauti yako mwenyewe.

Watu walinipenda, kila mmoja kwa njia yake. Kundi moja la maombi liliniambia nifunge siku tatu. Wakati huo nilikuwa nimekaa siku mbili bila kula, si kwa kufunga, bali kwa kushindwa kumeza. Mwingine aliniuliza ni dhambi gani sijaiungama. Nikaitafuta. Ukiwa na sonona ukaambiwa utafute dhambi, utaipata, hata kama haipo.

Halafu akaja mama mmoja wa ushirika wetu. Sitamtaja kwa sababu hapendi kutajwa. Alikuja na sukuma wiki, nyanya na unga kwenye kikapu. Akapika ugali, akaketi nami mpaka nikala matonge matatu. Akaosha vyombo. Akaomba maombi mafupi, hayakufika dakika moja, akaenda zake. Ijumaa akarudi. Wiki iliyofuata akarudi tena. Hakuniuliza shida ni nini, maana nilikuwa nimeshachoka kuulizwa jambo ambalo sina jibu lake.

Wiki ya tatu aliweka mwiko chini, akanitazama usoni, akaniuliza, "Dada yangu, unawaza kufa?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikasema ndiyo.

Hakupiga kelele, hakukemea chochote. Alisema, "Asante kwa kuniambia. Kesho asubuhi tunaenda hospitali, mimi na wewe. Leo nitalala hapa." Akaongea na mume wangu, akalala kwenye kochi letu.

Tulikaa foleni ya hospitali ya kaunti kutoka saa mbili mpaka saa saba. Daktari alinisikiliza, akapima damu ahakikishe si upungufu wa damu wala shida ya tezi ya shingoni, maana hizo nazo huweza kuleta dalili kama zangu. Akanianzishia dawa na kunipeleka kwa mshauri. Alinionya kwamba dawa hizi hazifanyi kazi siku hiyo hiyo kama ya kichwa. Huchukua wiki kadhaa, na sipaswi kuziacha ghafla bila yeye kujua. Ilikuwa wiki ya tano niliposikia kitu redioni nikacheka, na mtoto wangu mdogo akaja mbio kutoka nje kuangalia ni nani anayecheka ndani ya nyumba.

Sisemi kwamba haitarudi. Ilirudi mwaka 2021, nikaitambua mapema, tukaenda hospitali mapema. Namshukuru Mungu kwa zile tembe kama ninavyomshukuru kwa miwani yangu. Bila miwani siwezi kusoma Neno lake.

5. "Lakini huenda ni pepo?"

Sisi ni Wapentekoste. Tunaamini Yesu anaponya, tunaweka mikono juu ya wagonjwa, tunaamini kuna mapepo na yanatoka kwa jina lake. Sitaki mtu aseme somo hili limepunguza hayo. Lakini tusome Mathayo 4:24. Pale wanaletwa kwa Yesu watu wenye maradhi mbalimbali, wenye pepo, wenye kifafa na waliopooza. Mathayo anawataja mbali mbali. Hakuwaweka wote katika kapu moja, na sisi tusiwaweke. Mtu mwenye sonona akiambiwa ana pepo, akaombewa mbele ya watu, akasukumwa, akarudi nyumbani vile vile alivyokuja, sasa ana mizigo miwili: ugonjwa wake, na wazo kwamba hata Mungu ameshindwa naye.

Wengine wanauliza kama dawa si ukosefu wa imani. Hezekia alipata neno la kuponywa kutoka kwa nabii, na nabii yule yule akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (Isaya 38:21). Paulo, ambaye vitambaa vilivyogusa mwili wake viliponya watu, alimshauri Timotheo cha kutumia kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23), na Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Hakumwita Trofimo mtu asiye na imani. Kanisani kwetu hatumwambii mwenye kisukari atupe insulini. Ubongo nao ni kiungo cha mwili.

Na kama Mungu amekuponya kabisa, utukufu kwake! Nenda kwa daktari wako athibitishe, mpunguze dawa pamoja naye. Bwana mwenyewe aliwatuma wale wakoma kumi wakajionyeshe kwa makuhani (Luka 17:14). Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa. Lakini tafadhali, asiwepo mtu kati yetu wa kumwambia mwenzake aache dawa ili kuonyesha imani.

6. Kuhani Eli na maneno yetu

Hana alikuja hekaluni akiwa na uchungu, halii kidogo, hali chakula. Midomo ilicheza, sauti haikusikika. Kuhani Eli, mtu wa Mungu, ameketi pale pale mlangoni, akamwangalia akaamua kwamba amelewa, akamkaripia (1 Samweli 1:13-14). Tunaona kwamba hata mtumishi wa Mungu anaweza kumtazama mtu anayeumia na kusoma vibaya. Lakini mpe Eli sifa yake. Hana alipojieleza, Eli alisikiliza, akabadilisha maneno, akambariki. Hana akaenda zake, akala, na uso wake ukabadilika kabla hata hajapata mtoto.

Kuna maneno yetu ambayo ni kama yale ya kwanza ya Eli. "Jikaze." "Hesabu baraka zako." "Wewe una shida gani, na wengine hawana hata chakula?" "Ukiomba vizuri itaisha." Na ule mzaha wetu wa kwamba fulani apelekwe Mathari. Hospitali ile iko Nairobi tangu mwaka 1910 na imehudumia watu wa kila kabila na kila dhehebu. Kila tunapocheka, kuna mtu kwenye benchi letu anaamua kwamba hataenda kliniki, asije akachekwa.

Kuna lingine, na hili linatuhusu sana. Mtu akikueleza siri yake usiigeuze kuwa ombi la maombi kwenye kundi la WhatsApp: "Tumwombee dada fulani, akili inamsumbua." Hayo si maombi, ni masengenyo yaliyofunga macho.

Maneno mazuri ni mafupi. "Niko hapa." "Pole sana." "Si kosa lako." "Umekula?" "Nikusindikize?" Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba, mchana na usiku, walipoketi naye chini bila kusema neno. Walianza kuharibu walipofungua kinywa.

7. Tufanye nini?

Kwanza, tuangalie nani hayupo. Aliyekuwa kwenye kwaya na ameacha, aliyekuwa anapika kwenye kesha na siku hizi hapokei simu. Mtembelee kabla ya kumhukumu.

Pili, twende na kazi ya mikono. Uji, maji, kufua, kupeleka watoto shule. Wanaume, mtembelee mwenzenu, hata kama mtakaa tu nje mkiangalia ng'ombe.

Tatu, tujifunze kusikiliza. Huko Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa mabibi wa mtaani waliofunzwa kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kusikiliza watu. Kwa Kishona ugonjwa wenyewe huitwa kwa neno lenye maana ya kufikiria kupita kiasi, karibu na tunavyosema sisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba walioketi na mabibi hao walipata nafuu kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Mabenchi tunayo. Mabibi tunao. Mama wa maombi wa kanisa hili wanaweza kufunzwa.

Nne, tusindikizane hospitali. Kukaa foleni peke yako ukiwa na sonona ni mlima. Nauli, mazungumzo, kukumbusha tarehe ya kurudi: hiyo pia ni huduma.

Tano, mtu akisema hataki kuishi, amini. Muulize waziwazi, kuuliza hakumtii wazo kichwani, kunamfungulia mlango. Usimwache peke yake. Ondoa karibu naye vitu vya kujidhuru. Mpeleke hospitali yoyote iliyo karibu, hata usiku. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana nambari ya bure ya ushauri, 1199. Na usiogope polisi. Sheria ya zamani, kifungu cha 226, ilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Kama mahakama imeona kwamba mtu huyu anahitaji msaada na si pingu, kanisa lisibaki nyuma.

8. Kwako uliye chini ya mretemu

Pengine unasoma hapa na huwezi kuomba. Usijilazimishe maneno mengi. Warumi 8:26 inatufundisha kwamba Roho mwenyewe hutuombea tusipojua la kusema. Kuugua kwako tu kumefika. Kama huwezi kuamini leo, waache wenzako wakuaminie. Yule aliyepooza wa Marko 2 aliletwa na watu wanne, na Yesu aliangalia imani yao waliombeba. Mwambie mtu mmoja. Mchungaji, mama mchungaji, au mimi. Mlango uko wazi na hatutatangaza. Kunywa maji. Kula hata kidogo. Safari ni kubwa, na Mungu anajua kwamba umechoka.

Maswali ya kujadili

1. Katika yale mambo matano Mungu aliyomfanyia Eliya, ni lipi ushirika wetu hufanya vizuri, na lipi tunaliruka?
2. Ni maneno gani tumezoea kusema kwa mtu aliyevunjika moyo? Tungesema nini badala yake?
3. Ni nani hatujamwona kwa mwezi mmoja? Nani atamtembelea wiki hii, na ataenda na nini mkononi?
4. Tunaweza kuafikiana vipi kwamba yanayosemwa katika ushirika huu hayatoki nje?

Maombi

Tuwaombee walio wagonjwa wa akili na nafsi, na wale wanaowatunza. Tuwaombee madaktari, wauguzi na washauri wa hospitali zetu. Tuombe Bwana atupe mikono ya kugusa, masikio ya kusikiliza mara ya pili, na midomo inayojua kunyamaza.

Mbarikiwe.